Hakuna Msiba, Wasikilizaji

Redio Ukungu,
Lushoto.
Mwezi wa saba, siku ya mvua ya rasharasha.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo hii nimeitamka nikiwa nimesimama, kama ulivyotufundisha, ndipo nikavuta kiti nikaanza kuandika. Natumaini barua itakukuta mzima, goti limetulia na kile kikohozi cha asubuhi kimekuacha upumue. Vipi yule beberu wako mtundu? Bado anavuka uzio kwenda kula kabichi za watu, au jirani ameshamfunga kamba? Mimi sijambo, namshukuru Mungu, ila baridi ya Lushoto mwaka huu imetudhamiria. Studioni nakaa na blanketi mapajani, na fundi mitambo wetu anavaa soksi mikononi, kisha anashangaa kwa nini anabonyeza vitufe visivyo vyake.

Utajiuliza kulikoni barua wakati simu ipo. Baba, wewe na simu mnajuana. Ile simu yako ya tochi unaishika kama mtu aliyepewa kaa la moto. Ukishauliza kama nimekula na kama nina sweta, unasema haya mwanangu, salio litaisha, hata kama aliyepiga ni mimi. Nina jambo ambalo haliwezi kupita kwenye simu ya namna hiyo. Nitalifikia kwa mwendo wangu, maana ulikuwa ukituambia mwenye kapu mgongoni hakimbii.

Sijawahi kukueleza vizuri kazi yangu. Nilipoanza ulitaka niwe nesi, nami nikakasirika, unazijua hasira zangu, nimezirithi kwa Mama. Tangu hapo redio tukaifanya kama ndugu aliyeoa vibaya, hatumtaji mezani. Basi leo nakueleza. Nina kipindi cha saa nzima, kila Jumatano na Jumapili, kuanzia saa kumi na moja jioni. Kinaitwa Muziki Bila Maneno. Ni muziki wa kale wa Wazungu, wa fidla, vinanda na zumari, wa watu waliokufa kabla babu zetu hawajazaliwa. Aliyetuachia ni mwalimu mmoja wa kwaya aliyekuja kutoka Ujerumani, akarudi kwao, akaacha rekodi zake zote mezani kwa meneja. Meneja wetu, Bwana Clemence, hakujua azifanyeje. Alizizungusha kwa watangazaji wote kama sahani ya chakula kilichozidi chumvi, mwishoni ikasimama mbele yangu.

Sikujua lolote, Baba. Nilijifunza kwa kusikiliza tu, jioni baada ya jioni, mpaka nikaanza kuitambua ile ya mtu mwenye furaha na ile ya mtu anayejifanya ana furaha. Kati ya zote nikachagua moja iwe ya kufungulia kipindi. Ni fidla moja na kinanda, taratibu sana. Inaanza chini, kama mtu anayetafuta njia kwenye ukungu wa asubuhi kule kwenye chai, anayesikia wenzake wakiongea bila kuwaona. Naiacha kidogo, kisha naishusha sauti na kuwasalimu wasikilizaji. Niliipenda kuliko zote, na naomba hilo ulikumbuke huko mbele.

Sasa sikia balaa lake. Jumapili ya kwanza fidla ilipoanza, watu wakatoka nje ya nyumba zao. Sokoni Lushoto mama mmoja muuza peasi alifunika bidhaa yake kwa kanga, akasimama, akasubiri. Mombo, pale stendi, wauza machungwa waliacha kukimbilia mabasi, nayo ni maajabu. Wewe wajua sababu kuliko mimi. Nchi hii tangu tupate akili, redio ikipiga kitu taratibu kisicho na maneno, maana yake kuna aliyefariki na jina linakuja. Mimi nikapiga saa nzima, jina halikuja. Watu wakahesabu kwamba kama jina linachelewa hivyo, basi aliyekufa ni mkubwa. Mtendaji mmoja wa kata, nisiitaje kata yake maana bado anaona aibu, alishusha bendera ya ofisi nusu mlingoti na kusimamisha mpira wa vijana. Kesho yake akampigia Bwana Clemence kuuliza kwa heshima zote, hivi ni nani.

Tulicheka mpaka tukalia, ila Bwana Clemence hakucheka. Akaniamuru kwamba kila nikipiga wimbo wa taratibu, kwanza nitangaze kuwa hakuna aliyekufa. Nami nikatii. Tangu siku ile naushusha wimbo na kusema, “Wasikilizaji, hakuna msiba. Huu ni muziki tu. Kaeni mlipo.” Watoto wa shule wananiita hivyo njiani, Dada Hakuna Msiba. Shamsa, mwenzangu anayesoma salamu na matangazo ya vifo, ananitania kuwa nimempora muziki wake, na kwamba siku akifa yeye hakuna atakayeamini.

Baada ya woga kuisha, maoni yakaanza kumiminika. Penye wengi pana mengi. Mwanaidi, mkulima wa mahindi wa kule Mnazi bondeni, aliandika kuwa joto la kwao halimpi mtoto wake usingizi, ila fidla inampa, basi nisichanganye na matarumbeta yanayomshtua. Wapiga matarumbeta wa usharika mmoja nao wakaleta ujumbe kuwa nawadharau, nawapiga dakika mbili, fidla dakika ishirini. Omari, dereva wa Fuso la kabichi, aliomba nipige nyimbo za haraka jioni anapopanda kutoka Mombo, maana zile za taratibu zinamsinzisha kwenye kona za Soni, na kona za Soni hazina msamaha. Sheikh mmoja mzee aliniambia ana kwa ana kuwa kipindi kinamfaa, kwa sababu muziki usio na maneno hauna matusi. Bibi mmoja wa Kishambaa alinisimamisha njiani, tukasalimiana onga mshi kwa kirefu, ndipo akaniuliza hao watu wamekatazwa na nani kuimba. Nikamwambia hawajakatazwa, wameamua. Akanitazama kwa huruma, nadhani alinihurumia mimi.

Na kulikuwa na mmoja wa Bungu. Wasikilizaji wetu wa salamu wana majina yao ya kujipachika, na huyu alijiita Kapu Tupu. Meseji yake ilikuja kila baada ya kipindi, bila kukosa, kutoka namba nisiyoifahamu. Baba, mtu yule alikuwa na ulimi. Siku moja aliandika kuwa mpiga kinanda wa leo ana haraka ya kwenda chooni. Siku nyingine akasema zumari ile inalalamika kama mke aliyenunuliwa kitenge kisichokuwa chake. Lakini pia alisikiliza. Aliniambia wimbo fulani nimeurudia mara ya tatu mwezi huo, na alikuwa sahihi, nami sikujua. Aliniambia kuna fidla mbili pale nilipotangaza moja, nikarudi kusikiliza, nikazikuta mbili. Nikaanza kuchagua nyimbo nikijiuliza Kapu Tupu atasemaje. Kuna watu wana maprofesa wao, mimi nilikuwa na Kapu Tupu.

Ila kila meseji yake iliishia na ombi lile lile. Kipindi kizuri, mtangazaji, ila ule wimbo wa kwanza uuondoe. Hakusema kwa nini. Nilimjibu hewani kwa utani, nikamwambia mzee wangu wa Bungu, wimbo huu ni mlango wa nyumba, nikiuondoa utaingilia wapi. Wiki iliyofuata akaandika kuwa nyumba nyingine watu huingilia dirishani. Nikacheka, nikaupiga tena.

Mwezi uliopita Bwana Clemence aliita mkutano wa wasikilizaji. Vijana walikuwa wakitaka saa ile ipewe bongofleva, na wengine wakataka uchambuzi wa mpira. Akasema hatafuti lawama, waje wenyewe waamue, asiyekuwepo na lake halipo. Tuliwakusanya ukumbini hapa mjini, ukajaa, wengine wakasimama madirishani. Nilijua kipindi kikifa, mimi nitarudishwa kusoma bei za mbogamboga, kazi niliyoifanya miaka mingi hata karoti zenyewe zikanichoka.

Walinitetea watu ambao sikuwategemea. Omari aliegesha Fuso nje likiwa na mzigo, akaingia na koti lake la mafuta, akasema yeye hapendi nyimbo zote ila hapendi pia kuchaguliwa na watoto. Mwanaidi alipanda kutoka Mnazi na mtoto mgongoni, na yule mtoto akalala mkutano mzima, ikawa ndiyo hoja yake. Kijana mmoja wa bongofleva alisema muziki huu ni wa wazee na wa Wazungu, sisi unatuhusu nini. Yule sheikh akamjibu taratibu kuwa hata kabichi na peasi zililetwa na Wazungu, mbona anakula. Ukumbi ukacheka, na nikaanza kupumua.

Ndipo likaja suala la wimbo wa kufungulia. Wengi walisema umewachosha, wengine kwamba hata nikisema hakuna msiba mara mia, mioyo yao inaruka kwanza ndipo inashuka. Nikasimama kuutetea. Nikaona mkono nyuma kabisa, nikashangaa kumwona Hashimu, Hashimu wetu wa dukani, ametoka Bungu kwa mabasi mawili. Alisema ametumwa na Kapu Tupu, ambaye hakuweza kusafiri kwa sababu ya goti. Alisema Kapu Tupu anaomba kipindi kibaki, ila anaomba, haamuru, ule wimbo wa kwanza uondolewe.

Baba, hapo hasira ya Mama ikanipanda. Nilikuwa nimechoka, na nilimwona huyo Kapu Tupu kama mtu anayekunywa chai yako huku akisema birika lako baya. Nikajibu mbele ya watu wote kwamba kama wimbo umemkosea, aje mwenyewe anieleze umemkosea nini. Watu wakapiga makofi. Hashimu alikunja kofia yake mikononi, akaketi. Mwishowe wakapiga kura. Kipindi kibaki, wimbo wa kufungulia ubadilishwe. Nilishinda na kushindwa kwa mkono mmoja, nikatoka nje nikiwa nimenuna.

Hashimu alikuwa ananisubiri chini ya ukuta, mahali ambapo mvua haifiki. Nilimwuliza habari za nyumbani, akasema nzuri. Nikamwuliza kwa utani huyo mzee mkorofi ni nani pale kwetu, si yule jirani mwenye kabichi anayegombana na kila mbuzi. Hakucheka. Alitazama barabarani kwanza.

“Dada Eliaichi,” akasema, “Kapu Tupu ni baba yako. Na hauchukii ule muziki. Ukianza, anasubiri jina.”

Sikuelewa, ikabidi anieleze, na nitaandika hapa aliyonieleza ili ujue ninachokijua, usibaki ukikisia. Alisema ilikuwa Jumapili jioni, kambini kwetu kwenye shamba la chai, mwaka ule Mama alipokwenda Same kumwangalia dada yake aliyejifungua. Simu hazikuwepo kambini. Redio ilikuwa dirishani kwa mnyapara, na watu wote walikaa nje wakisikiliza. Wewe ulikuwa umekaa kwenye ngazi na kapu la Mama magotini, unashona kitako kilichotoboka, ili akirudi alikute zima. Muziki ukaanza, wimbo huu huu wa fidla na kinanda, taratibu. Watu wakanyamaza kama ilivyo desturi. Kisha sauti ya muziki ikashushwa, na mtangazaji akasoma. Akasoma jina la Mama. Akasema habari zimfikie mume wa marehemu, Bwana Mathayo, kambi ya pili, shamba la chai, Bungu. Hashimu alisema kambi nzima iligeuka kukutazama, na wewe ulikuwa bado umeshika sindano. Alisema ulimalizia mshono ule, ukafunga fundo, ndipo ukasimama.

Baba, mimi nilikuwa bweni Korogwe, kidato cha pili. Ninachokumbuka ni wewe kuja shuleni Jumatatu na koti lako la kanisani likiwa limelowa, ukaninunulia soda, ukasubiri niimalize ndipo ukasema. Ulisema pole pole sana. Miaka yote hii nimeamini kwamba nawe uliambiwa hivyo hivyo, na mtu aliyekuja, akakukalisha chini, akakushika bega. Sikuwahi kukuuliza. Nawe hukuwahi kusema kwamba mimi niliambiwa na baba yangu, na wewe ukaambiwa na dirisha la mnyapara.

Na lile kapu, Baba. Linaning'inia jikoni kwako hadi leo juu ya mafiga, na hutaki litiwe hata kitunguu. Nikija likizo nainamisha kichwa kulikwepa. Mtu ananiandikia kila wiki kwa jina la Kapu Tupu, kutoka Bungu, kwa simu ya Hashimu ya dukani, mtu mwenye goti bovu na ulimi mkali, na mimi binti yako, mtangazaji niliyezoea kuchambua sauti za watu, sikutambua. Nilikuwa nasubiri maoni ya baba yangu kuhusu kazi yangu, na nilikuwa nayapata mara mbili kwa wiki.

Hashimu aliniambia jingine, na hili ndilo lililonikalisha chini pale kwenye tope. Nilimwuliza, kama wimbo unakuumiza hivyo, kwa nini usifungue redio baadaye, wimbo ukiwa umepita. Akasema alikushauri hivyo hivyo, ukakataa. Akasema kila Jumatano na Jumapili unafungua mapema, unakaa. Fidla ikianza unainuka, unatoka, unasimama uani umeshika nguzo ya banda la mbuzi. Unasimama hapo mpaka usikie sauti yangu ikisema hakuna msiba, kaeni mlipo. Ukishasikia, unarudi ndani na kukaa. Akasema hutaki kuikosa ile sauti, hata kwa gharama ya ule wimbo.

Nimelia, Baba, sikufichi. Nimelia kwenye Fuso la Omari, maana ndiye aliyenikuta pale na kunirudisha nyumbani, na aliniwekea tu redio chini kabisa. Nilidhani amri ya Bwana Clemence ni upuuzi wa ofisi. Kumbe kuna mtu mmoja Bungu ambaye kila wiki nilikuwa namwambia kitu ambacho siku ile hakuna aliyemwambia.

Hashimu aliapa hatakusimulia nilichokisema ukumbini. Nakusimulia mwenyewe. Nilisema uje unieleze wimbo umekukosea nini. Nisamehe, mzazi wangu. Na usimgombeze Hashimu kwa kunifunulia. Alivumilia mpaka nilipokusema vibaya kwa jina la mtu mwingine, na hapo mtu mwema hawezi kunyamaza.

Wimbo nimeuondoa. Ukiwa umesikiliza Jumapili umeshajua, sasa tunafungulia kwa zumari zile za haraka, na Omari amefurahi kupita kiasi. Neno la hakuna msiba nimelibakiza palepale mwanzoni, ingawa kwa zumari zile hakuna anayeweza kudhani kuna msiba. Bwana Clemence ameniuliza kwa nini, nikamwambia wasikilizaji wamelizoea.

Lakini kuna kitu kuhusu ule wimbo ambacho nadhani hukijui. Nimefikiria sana kama nikuambie au ninyamaze. Baba, wimbo ule una mwisho. Siku ile kambini waliushusha ili wasome jina. Mimi nami, kila wiki, naushusha ili nisalimu watu. Umeusikia mwanzo wake tu, miaka yote, mwanzo ule ule, halafu sauti ya mtu inaingia juu yake. Mimi nimeusikiliza wote, nikiwa peke yangu studioni. Katikati fidla inapanda, kinanda kinaifuata kama mtu anayemkimbilia mwenzake njiani, na wakishakutana wanakwenda pamoja, polepole, mpaka wanapumzika. Mwisho wake si wa msiba. Sijui niuiteje, lakini si wa msiba.

Nimeomba ruhusa, Jumamosi hii nakuja nyumbani. Nitakuja na wimbo huo kwenye simu yangu, na kispika kidogo cha Shamsa ambacho ameniazima kwa masharti mengi. Kama hutaki, utaniambia tu, nitaufuta mbele ya macho yako, na hatutauzungumzia tena, wala sitanuna. Ukikubali, tutakaa jikoni, wewe na mimi, na kapu lake juu yetu. Nitakuambia kwanza kwamba hakuna msiba, kwa sauti ile ile ya redioni. Kisha nitanyamaza. Tutausikiliza wote, Baba, mpaka mwisho wake, na hakuna atakayesoma jina.

Nisalimie Hashimu, mwambie namletea zile mbegu za karoti alizoniagiza. Nisalimie jirani wa kabichi, na umfunge huyo beberu kabla sijafika, sitaki kuja kusuluhisha kesi. Nisalimie wazee wa usharika na wote wanaoniulizia. Vaa soksi. Nimeiandika sentensi hiyo kwa niaba ya Mama.

Ni mimi binti yako, na msikilizaji wako wa siku zote,

Eliaichi Mathayo.